Wazazi hawatuamini tena na fedha za shule. Tuanzie wapi?

Mjumbe Mpya ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Nilichaguliwa kuingia bodi ya shule za wilaya yetu miezi minne iliyopita. Mimi ni mama wa watoto wawili wanaosoma kwenye shule hizo hizo. Kazi yangu ni ufamasia, mambo ya hesabu za umma ndiyo kwanza ninajifunza. Nimekuta kidonda.

Miaka miwili iliyopita zilitengwa fedha za kuezeka upya shule sita. Mkandarasi alilipwa zote, hati za kukamilika kwa kazi zikasainiwa, lakini shule mbili paa halijaguswa mpaka leo. Binti yangu anasoma mojawapo. Mvua ikinyesha wanasogeza madawati upande wa dirishani, mwalimu anaweka ndoo mbili katikati ya darasa na somo linaendelea. Mkurugenzi wa wakati ule ameshastaafu. Ukaguzi maalumu ulifanyika na taarifa ipo, kurasa 64, nimeisoma yote kwa siku mbili. Wananchi wao walipewa ukurasa mmoja unaosema "kasoro zimebainika na hatua zinachukuliwa".

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa wazazi. Mzee mmoja alisimama akauliza taratibu kabisa, bila jazba: "Nani alisaini kwamba paa la shule ya mjukuu wangu limekwisha?" Mwenyekiti wetu akajibu kwamba suala liko kwenye vyombo husika. Mzee akakaa. Baada ya kama dakika moja akainuka, akachukua kofia yake, akatoka, na karibu nusu ya ukumbi ikamfuata. Jina la aliyesaini ninalijua, liko ukurasa wa 41. Nilikuwa nimekaa meza kuu na sikufungua mdomo. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Mwaka ujao inabidi tuwaendee wananchi hao hao tuwaombe wapige kura kuidhinisha mkopo wa madarasa mapya, na kweli madarasa yanahitajika. Ofisi imependekeza kampeni ya "kurejesha imani": vipeperushi, kaulimbiu, video fupi za watoto. Mwanasheria wetu anasema taarifa ya ukaguzi isitoke. Wengine wanataka tuunde kamati ya wananchi.

Naomba mnijibu kwa ukweli. Imani ikishavunjika namna hii, inarudishwa na nini hasa? Na nianze na lipi, nikiwa mjumbe mmoja kati ya tisa?

---

Baba wa Watatu:

Dada, mimi si mtaalamu, nakujibu kama mzazi niliyewahi kutoka kwenye mkutano kama huo.

Msituletee video za watoto. Watoto tunao nyumbani. Yule mzee aliuliza swali la neno moja: nani. Angejibiwa jina, au akaambiwa "jina tunalijua, sheria inatuzuia kulitaja leo, tutalitaja tarehe fulani", angebaki kwenye kiti. Alichojibiwa ni kile ambacho tumejibiwa miaka yote. Mtu haendi kwenye mkutano kutafuta ugomvi, anaacha shughuli zake akitumaini kwamba safari hii ataheshimiwa.

Na huo mkopo mpya, mimi kura yangu ni hapana mpaka nione paa. Niseme wazi kwamba ninayataka hayo madarasa kuliko mtu yeyote, mwanangu wa mwisho yuko darasa la watoto 90.

---

Mhasibu Mstaafu:

Mjumbe, pole, na hongera kwa kusoma kurasa zote 64. Wajumbe wengi niliofanya nao kazi walisoma muhtasari tu, na muhtasari mara nyingi huandikwa na ofisi ile ile iliyokaguliwa.

Nimekuwa mhasibu wa shule miaka 27, kumi ya mwisho nikiwa mkaguzi wa ndani. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni.

Kwanza hili la kunyamaza. Bodi nyingi huona kwamba doa likifunikwa haraka shule inapona haraka. Tazama yaliyotokea Roslyn, wilaya ya shule iliyoko Long Island, New York. Mwaka 2002 bodi yao iligundua kwamba msaidizi wa mkurugenzi anayesimamia fedha alikuwa ameiba, na kiasi walichokijua wakati huo kilikuwa dola 250,000. Mkurugenzi, Frank Tassone, akawashawishi walimalize ndani kwa ndani: yule msaidizi arudishe fedha, aondoke kazini, polisi wasiitwe, wazazi wasiambiwe. Wajumbe wakakubali, nadhani kwa nia njema ya kulinda jina la shule zao, maana zilikuwa zinasifika. Mwaka 2004 yakafumuka, na gazeti la wanafunzi wa sekondari ya pale pale lilikuwa mbele ya magazeti makubwa kuyaandika. Mdhibiti wa hesabu wa jimbo alipomaliza ukaguzi wake mwaka 2005 alikuta zimepotea dola milioni 11.2. Tassone mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliozila, akafungwa. Sasa jiweke mahali pa mzazi wa Roslyn. Wizi uliuma, lakini kujua kwamba bodi aliyoichagua ilikaa na siri karibu miaka miwili huku ikimwomba apitishe bajeti, hilo ni jeraha la pili, na hilo la pili lilitoka kwa watu ambao hawakuiba chochote.

Wewe na wenzako wanane hamkuiba. Lakini kila siku ile taarifa inavyokaa kabatini mnajiingiza kwenye jeraha la pili.

Kuhusu mwanasheria: usibishane naye kwa jumla. Mwombe akuonyeshe kwa kalamu ni aya zipi haziwezi kutoka, na kwa kila aya aandike sababu na mwisho wa kizuizi. Nimeliona hili mara tatu. Mwanasheria akiulizwa "itoke au isitoke?" atasema isitoke, kwa sababu hiyo ndiyo salama kwake. Akiulizwa aya kwa aya, anajikuta anafuta majina manne na namba za akaunti, na kurasa 58 zinabaki safi. Mtu anayechunguzwa ana haki zake na lazima ziheshimiwe, jina lake linaweza kusubiri. Cheo chake, tarehe ya saini, kiasi kilicholipwa na shule ambayo haikuezekwa havina sababu ya kusubiri.

Pili, imani hairudi kwa kuelezwa. Inarudi pale mtu wa kawaida anapoweza kuhakiki namba mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Ushahidi ninaoupenda ni wa Uganda. Wachunguzi wa Benki ya Dunia, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi katika shule za msingi 250, miaka ya 1991 hadi 1995. Kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni, na shule nyingi hazikupata hata senti. Baada ya hapo serikali ikaanza kuchapisha magazetini kila mwezi kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika mlangoni kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Kulikuwa na mageuzi mengine ya fedha wakati huo huo, kwa hiyo si gazeti peke yake lililofanya kazi. Lakini fikiria mwalimu mkuu anayesoma kwamba wilaya imepokea kiasi fulani, kisha anatazama alichoandika kwenye daftari lake. Zamani hakujua hata kama kuna kitu anadaiwa. Sasa ana namba mbili mkononi, na namba mbili zisizolingana humfanya mtu aende kuuliza.

Kwa hiyo, wakikuletea chati ya duara yenye rangi inayosema mishahara asilimia fulani, matengenezo asilimia fulani, ikatae. Haina uongo, ila hakuna mtu anayeweza kuihakiki akiwa amesimama kwenye uwanja wa shule. Weka orodha ya malipo yenyewe, kila mwezi: tarehe, aliyelipwa, kiasi, kwa ajili gani, shule ipi. Mzazi hatasoma malipo 400. Atatafuta jina la shule ya mwanawe, atasoma mistari mitano, kisha atageuza shingo kuangalia kama kitu kipo.

Nakuambia hili kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Tulipoanza kubandika orodha kwenye mbao za matangazo, wiki ya tatu mama mmoja mtu mzima alinijia ofisini akiwa na karatasi aliyonakili kwa penseli. Orodha ilisema shule imepokea madawati mapya 40. Yeye alikuwa amezunguka darasa moja baada ya jingine na kuhesabu 38. Mara mbili. Nilikuwa na kazi mezani hadi kidevuni na moyo uliniambia nimwahidi kufuatilia. Nikavaa viatu tukaenda pamoja. Tukahesabu 38. Mwalimu wa stoo hakuwepo, tukamsubiri. Alipofika akatupeleka nyuma ya karakana: madawati mawili yalifika miguu ikiwa imelegea, yakawekwa kando kumsubiri fundi wa aliyetuuzia, na hakuna aliyeandika popote. Nikaandika pale pale chini ya orodha kwa kalamu: "38 yanatumika, 2 yanatengenezwa, yako karakana", nikaweka tarehe, mimi nikasaini na mama akasaini. Watu walikuwa wakisimama kusoma ile saini ya mama kuliko orodha yenyewe. Hakuna kipeperushi tulichowahi kutoa kilichosomwa vile.

Wewe ni mfamasia, hili unalijua kuliko sisi. Dawa kwenye daftari na dawa kwenye rafu lazima zilingane, na zisipolingana huandiki taarifa kwa umma, unahesabu upya siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo na mapaa.

Mambo ya ndani ya ofisi nitayapitia haraka kwa sababu mkaguzi wenu bila shaka ameshayaandika: anayeagiza asiwe anayepokea, anayepokea asiwe anayelipa, na taarifa ya benki ilinganishwe na daftari la fedha kila mwezi na mtu asiyegusa hundi. Swali moja tu la kuuliza kikao kijacho: "Ulinganisho wa benki wa mwezi uliopita umefanywa na nani, na naomba kuuona." Ukiambiwa wa miezi mitano iliyopita bado haujakamilika, umeshapata jibu lako.

Kamati ya wananchi ni nzuri ikiwa na meno. Jimbo la California lina mfano ninaouamini. Tangu wapiga kura wapitishe Pendekezo Namba 39 mwaka 2000, wilaya ya shule inaweza kupitisha mkopo wa ujenzi kwa asilimia 55 ya kura badala ya theluthi mbili, lakini kwa masharti: orodha ya miradi itajwe kabla ya kura, ukaguzi wa fedha na wa utekelezaji ufanyike kila mwaka, na iwepo kamati ya wananchi wasiopungua saba ambayo haiwezi kuwa na mtumishi wa wilaya, muuzaji wala mkandarasi wake. Yaani wananchi walirahisishiwa kutoa, na papo hapo wakapewa macho ya kufuatilia walichotoa. Kamati yenu ikiundwa baada ya kura, na wajumbe wakateuliwa na ofisi, ni heri msiwe nayo.

---

Mwalimu Mkuu:

Nimesoma yote na ninakubaliana na Mhasibu kwa mengi. Ila naomba na sauti ya shuleni isikike, kwa sababu kashfa ikitokea wilayani, adhabu huwa inashuka kwetu.

Baada ya tatizo la fedha la wilaya yetu, kila mtu alitaka taarifa. Nikawa najaza fomu saba kwa mwezi, na fomu nne zilikuwa zinauliza kitu kile kile. Karani sina. Nilikuwa naacha darasa kwenda kujaza fomu ya kuonyesha kwamba fedha za darasa zinatumika vizuri. Wazazi wakaona karatasi nyingi ukutani, lakini hawakuniona mimi. Kwa hiyo mkiweka utaratibu mpya, Mjumbe, ondoeni wa zamani siku hiyo hiyo.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Hiyo hati ya kukamilika kwa kazi iliyosainiwa kwa ajili ya paa la binti yako, mwalimu mkuu wa pale aliiona? Mimi shuleni kwangu ulijengwa uzio. Hati iliandikwa ofisini, ikasainiwa ofisini, malipo yakatoka, na mimi ninayelala hatua 30 kutoka kwenye huo uzio sikuulizwa hata kama mafundi wamefika. Nilikuja kujua kwamba "umekamilika" nilipoambiwa niwashukuru wafadhili. Upande wa kaskazini ulikuwa wazi bado.

Mkitaka jambo moja litakalobadilisha kila kitu, ni hilo. Malipo ya mwisho ya kazi yoyote ya ujenzi yasitoke mpaka hati isainiwe na mwalimu mkuu wa shule husika pamoja na wazazi wawili wa shule hiyo, wakiwa wamesimama mbele ya kazi yenyewe.

Na ezekeni hizo shule mbili kwanza. Kabla ya kampeni, kabla ya kamati. Hata kama itabidi bodi iahirishe kitu kingine. Msiende kuomba madarasa mapya wakati watoto wanasomea katikati ya ndoo.

---

Mhasibu Mstaafu:

Mwalimu, umenigusa, na umenisahihisha. Kwenye suala la fomu nakiri kwamba sisi wakaguzi tumechangia. Kila tukiona tundu tunaongeza karatasi, na hatuulizi nani ataijaza.

Hilo la saini tatu ninaliunga mkono kwa nguvu zote, nikiongeza tahadhari moja kutoka kazini. Wazazi wawili wasichaguliwe na mwalimu mkuu wala na ofisi. Wachaguliwe kwenye mkutano wa wazazi, na wabadilike kwa kila mradi, ili mkandarasi asipate mtu wa kumzoea.

---

Baba wa Watatu:

Kwa hilo mimi nipo tayari kusimama kwenye jua na kupanda ngazi. Tatizo ni moja: mzazi atajuaje kwamba paa limeezekwa inavyotakiwa? Mimi naona juu kumefunikwa, nasaini. Kumbe mbao walizoweka ni nyembamba kuliko za mkataba.

---

Mjumbe Mpya:

Ndugu zangu, asanteni mno. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafanyia kazi mliyoniambia.

Nilifuata ushauri wa aya kwa aya. Nilimpelekea mwanasheria nakala ya taarifa na kalamu nyekundu, nikamwomba afute kisichoruhusiwa na aandike sababu pembeni. Alikaa nayo siku tano. Amefuta majina matatu, namba za akaunti, na aya mbili za ukurasa wa 52. Kwenye ukurasa wa 41 jina limefutwa, cheo na tarehe ya saini vimebaki. Alhamisi nawasilisha hoja kwamba taarifa itolewe hivyo, na kwamba majina yatolewe uchunguzi ukifungwa. Nimeshaongea na wajumbe wanne. Nikimhesabu mmoja anayesitasita, tunafika watano kati ya tisa.

Niliuliza lile swali la ulinganisho wa benki. Wa mwisho uliokamilika ni wa miezi saba iliyopita. Mhasibu wetu ni kijana mwadilifu, alinionyesha bila kuficha, aliniambia yuko peke yake tangu mwenzake aondoke na kila akiomba msaidizi anaambiwa hakuna bajeti. Kwenye bajeti hiyo hiyo nilikuta fungu la vipeperushi na video. Nimeomba lihamishiwe kwake.

Yule mzee nilimtafuta, nikaenda kwake jana jioni. Nilimsalimu, nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa najua jibu na nilinyamaza, na nimekuja kuomba radhi. Alikaa kimya kitambo. Akaniuliza kama paa litaezekwa kabla ya mvua. Nikamwambia fedha zimepatikana za shule moja, ya pili bado tunatafuta, na sijui kama tutawahi. Akasema, "Basi nieleze hivyo hivyo mkutanoni." Nimemwomba akubali jina lake lipelekwe mbele ya wazazi kuwa mmoja wa wale wawili. Amesema atafikiri, ila ameniuliza swali lile lile la Baba wa Watatu: atajuaje anachosaini? Mhasibu, hati hiyo iandikweje ili mtu asiye fundi asaini kwa haki?

---

Mhasibu Mstaafu:

Mama, umefanya kazi kubwa, na kule kwenda kwa mzee ndiko kuzito kuliko yote.

Hati iwe ya ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma mzee. Upande wa kushoto, vitu vilivyo kwenye mkataba vinavyoweza kuhesabika au kupimwa kwa futi ya fundi: idadi ya vyumba, urefu na upana wa paa, unene wa mbao kwa vipimo vya mkataba, idadi ya mifereji ya maji. Katikati iachwe tupu, wajaze wao walichohesabu. Kulia, tofauti. Mbao zipimwe kabla dari halijafungwa, kwa hiyo waitwe mara mbili, katikati ya kazi na mwishoni. Masuala ya ubora yanayohitaji ujuzi yasainiwe na mhandisi, kwenye mstari wake mwenyewe na kwa jina lake, ili mzee asibebeshwe asichokijua.

Chini kabisa weka sehemu ya "ambacho hakijakamilika". Usipokee hati ambayo sehemu hiyo iko tupu. Kama hakuna kilichobaki, waandike "hakuna" kwa mkono wao. Na tarehe waiandike wao, wakiwa pale shuleni, isije imechapwa tayari kutoka ofisini.